Tairi pana nyuma kwenye CG ya zamani: pima kwenye cheni kwanza ndo uende dukani

Wakuu habari za wakati huu. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, maana hili jambo nikilieleza kwa mistari miwili mtu anatoka hapa anaenda kununua tairi kesho yake afu linamuumiza. Hapa Moro kijiweni kwetu hazipiti siku nyingi bila kijana kuja na tairi begani, limeshalipiwa, anataka lifungwe leo leo awahi abiria wa jioni, na ni tairi ambalo kwenye pikipiki yake halina pa kukaa. Ukimwambia halitakaa anaona unamwekea kauzibe, anahama kijiwe, anafungiwa kwingine, na baada ya muda unakutana nae barabarani anasukuma.

Nazungumzia pikipiki za umbo la CG. Honda CG125 yenyewe ilitoka 1976, na hizi za Kichina tulizozizoea zimefuata ramani ile ile, injini ya pushrodi, cheni kushoto, breki ya ngoma kulia, rimu za spoki za inchi 18. Nyingi zinakuja na 2.75-18 mbele na 3.00-18 nyuma. Hiyo 3.00 ni inchi tatu za upana, kama milimita 76 hivi. Ukienda kwenye namba za milimita, tairi linalochukua nafasi yake moja kwa moja ni 90/90-18. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, ya mwisho ni rimu. Kwa hiyo 110/90-18 imeongeza upana na imeongeza kimo pia, na hicho kimo ndo watu wanakisahau.

Sasa twende kwenye cheni, maana hapo ndo ugomvi ulipo.

Hizi pikipiki zilipochorwa, nafasi kati ya ubavu wa tairi na cheni iliachwa ya tairi jembamba, basi. Ukitoka 90 ukaenda 110 umeongeza milimita 20 kwa jumla, yaani 10 kila upande. Upande wa kulia unaweza ukapata pa kujibanza, ila kushoto kuna cheni inakimbia, na cheni haikai imenyooka kama unavyoiona pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Inacheza. Tairi nalo linavimba likipata joto, bushi za swingamu (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma) kwenye pikipiki ya zamani zimeshalika, zile raba za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimelegea, kwa hiyo sproketi kubwa (gia ya nyuma inayovutwa na cheni) inayumba kidogo kila unapovuta gesi na kila unapoachia. Kijiweni unaona kuna nafasi ya kutosha, ukifika kwenye matuta ya barabarani na watu wawili nyuma ile nafasi imeisha.

Kipimo changu mimi ni bolti, yoyote ile inayofunguliwa kwa spana namba 10. Mwili wake una unene wa milimita 6. Funga gurudumu, kaza ekseli vizuri, kaza cheni iwe kwenye mlegeo wake wa kawaida, afu pitisha ile bolti kati ya tairi na cheni kwa upande wa ndani, zungusha gurudumu mzunguko mzima taratibu. Bolti ipite popote bila kubanwa. Kama kuna sehemu hata moja inabana, hilo tairi sio la hiyo pikipiki, haijalishi muuzaji amekuambia nini. Afu fanya na hili, shika tairi kwa juu lisukume kushoto na kulia kwa nguvu. Likicheza kagua bushi na beringi kwanza kabla hujafikiria upana wowote.

Kwa ambao hawajawahi kuona tairi lililoliwa na cheni niwaeleze linavyokuwa. Ukilitoa unakuta ubavuni kuna mfereji umezunguka tairi zima, unang'aa mweusi ti, na ukiupapasa kwa kidole unahisi nyuzi zimeanza kuchungulia ndani yake. Cheni nayo upande wa ndani pingili zimejaa unga wa raba uliochanganyika na grisi, umekuwa kama lami. Yule dereva atakuambia pikipiki ilikuwa inalia kidogo tu wakati wa kuondoka akadhani ni kava la cheni. Ubavu ukishafika kwenye nyuzi hakuna kiraka, hilo ni la kutupa, na likipasuka likiwa kwenye mwendo na abiria yupo nyuma hakuna anayeweza kushikilia usukani.

Nikisema hivi najua kuna watakaokuja na ujanja wa kuweka washa (vile visahani vya bolti) nyuma ya sproketi kubwa ili cheni isogee nje. Wakuu naomba mnielewe vizuri hapa. Ukisogeza sproketi kubwa lazima na ile ndogo ya kwenye injini isogee kiasi kile kile, na kwenye CG sproketi ndogo imeshikwa na kisahani chenye bolti mbili kinachokaa kwenye mfereji wa shafti, hauna pa kuisogezea. Kwa hiyo cheni itakimbia imekaa mshazari, itakula meno upande mmoja, na siku ikitoka kwenye meno inajikunja pale mbele kwenye ganda la injini inalitoboa, au inafunga gurudumu la nyuma ukiwa speed. Na bolti za sproketi zikiwa zimekaa juu ya washa zinabaki na nyuzi chache za kushika. Mimi hiyo kazi siifanyi hata mteja akiongeza hela.

Ujanja mwingine ni kusuka spoki upya rimu ihamie kulia milimita chache. Huu una nafuu kidogo ila ujue gurudumu la nyuma halitafuata tena mstari wa la mbele, pikipiki itakuwa inavuta upande mmoja ukiachia usukani. Milimita mbili watu wanaishi nazo, zaidi ya hapo unaharibu chombo. Na wale wanaosaga swingamu kwa grainda ili tairi lipite, huo ndo mkono unaobeba uzito wote wa nyuma, bati lake sio nene kihivyo, msimruhusu mtu.

Halafu kuna rimu, na hapa hata mafundi wengine wanapitiwa. Angalia ubavuni mwa rimu yako utakuta imeandikwa 1.60x18 au 1.85x18. Namba ya kwanza ni upana wa ndani kwa inchi, 1.60 ni kama milimita 41 na 1.85 ni 47. Tairi la 90/90 linataka kuanzia 1.85, na linakaa vizuri kabisa kwenye 2.15. Hiyo 100/90 na 110/90 zinaanzia 2.15 na zinapenda 2.50. Sasa ukichukua 110 ukalibananisha kwenye rimu ya 1.60 litaingia ndio, hewa litashika ndio, ila mabavu yanavutwa ndani, mgongo unachomoza juu unakuwa wa duara. Unachokanyagia chini ni kamstari kembamba ka katikati. Yaani umelipia tairi pana afu unatembelea sehemu nyembamba, zile kashata (vibonge vya raba vinavyokanyaga chini) za pembeni zinabaki na vinyweleo vyake vya kiwandani mpaka katikati inakuwa kipara. Na kwenye kona pikipiki inalala kwa kushtukiza, afu nyuma inatikisika tikisika kama haijakaza ekseli. Wengi wanaokuja kulalamika kwamba swingamu imepinda tatizo lao ni hili.

Na kwa sababu limeminywa, ukilipima na cheni linaonekana lina nafasi nzuri, mtu anafurahi. Akija kubadilisha rimu baadae aweke pana inayofaa, tairi linatanuka, linagusa cheni. Kwa hiyo rimu na cheni vipimwe kwa pamoja.

Tuje kwenye kimo. Hesabu ni rahisi, rimu ya 18 ni milimita 457, unajumlisha ubavu mara mbili. 90/90-18 inafika 619, 100/90-18 inafika 637, 110/90-18 inafika 655. Ukitoka kwenye 90 kwenda 110 gurudumu limepanda milimita 18 kuelekea juu na 18 kuelekea mbele. Kule mbele kuna lile bomba linalounganisha mikono miwili ya swingamu, na juu kuna madigadi na zile bolti zinazochungulia kwa ndani. Pikipiki ikiwa haina mtu huoni shida. Paka chaki mgongoni na mabavuni mwa tairi, pakia watu unaowapakiaga, pita kwenye tuta, rudi uangalie chaki imefutika wapi. Hicho kipimo hakina gharama na hakidanganyi. Kulia usisahau ule mkono wa breki unaoshika sahani ya ngoma isizunguke, kuna mahali bolti yake inaelekea kwenye tairi.

Hicho kimo kina bei yake kwenye nguvu pia. Gurudumu likikua asilimia 6 ni sawa na kubadilisha gia zote ziwe ndefu kwa asilimia 6. Injini ya 125 haina nguvu za kuchezea, ukibeba mtu na gunia kwenye mlima utakuwa unarudi gia ambapo zamani ulikuwa unapanda na ya tatu. Dawa yake ipo, ukitoa sproketi ndogo ya meno 15 ukaweka ya 14 umerudisha karibu asilimia 7, mambo yanakaa pale pale yalipokuwa. Ila hiyo ya 14 inakunja cheni zaidi, kwa hiyo kagua cheni na meno mara kwa mara. Kwa 100/90 ambayo ni asilimia 3 hivi sihangaiki na sproketi. Spidi mita haidanganyiki kwa tairi la nyuma, kwenye hizi waya wake unatoka gurudumu la mbele.

Sasa mtu aniulize, we fundi umekataa kila kitu, unashauri nini? Nashauri ujiulize unataka tairi pana kwa ajili ya nini.

Kama ni mzigo, upana sio jibu. Angalia namba ndogo iliyoandikwa baada ya saizi, mfano 3.00-18 47P au 52P. 47 maana yake linabeba kilo 175, 52 linabeba kilo 200, hiyo P ni kasi ya mwisho kilomita 150 kwa saa ambayo hakuna CG itafika. Kwa hiyo tairi mbili za upana ule ule kabisa, moja inabeba kilo 25 zaidi ya mwenzake, na mara nyingi utaiona imeandikwa 6PR, yaani kipimo cha uimara wa matabaka ya nyuzi zake. 100/90-18 ya 56P inabeba 224. Lakini spoki na shokapu zako ni zile zile, tairi haliongezi uwezo wa pikipiki nzima. Kabebe hiyo 6PR ya 3.00 au 3.25, jaza upepo inavyotakiwa, kaza spoki. Wenzetu wengi wanaotafuta tairi pana kwa sababu ya mzigo wanatembea na upepo nusu, hilo ndo linawaulia tairi.

Kama ni kuteleza kwenye lami yenye mvua, tafuta tairi jipya lenye raba laini na mifereji ya barabarani. Kwenye kuta za tairi kuna namba nne ndani ya kaduara, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Maduka yetu tairi linaweza kukaa juani kwenye ukuta miaka, kashata mpya kabisa ila raba imeshakuwa ngumu kama kwato. Tairi jembamba la mwaka huu litakushikia vizuri kuliko pana lililochoka.

Kama ni muonekano, sina ugomvi na mtu anayependa chombo chake kipendeze, hiyo ni haki yake. Ila basi fanya kazi kamili. Rimu ya 2.15 yenye matundu 36, spoki zake, 100/90-18, tyubu ya saizi yake, pima na bolti. Kwenye CG nyingi ambazo bushi zake ni nzima hapo ndo mwisho salama, na zingine hata hapo hazifiki. 110 kwenye swingamu ya kawaida siiwekagi.

Nimeona maswali mengi hapo chini naunganisha majibu humu humu.

Mdau wa Kahama anasema masika wao wanapita kwenye udongo mweusi wa mbuga, je tairi pana halitasaidia kutozama? Mkuu kwa ule udongo nakwambia ukweli ni kinyume. Tairi pana linasaidia kwenye mchanga, watu wa Mkuranga na Kisarawe watakubaliana na mimi, mchangani upana unakufanya uelee. Udongo wa mbuga juu ni uteute ila chini kuna pagumu, tairi jembamba linakata mpaka linapata pa kushika. Na kubwa zaidi, ule udongo unanata kwenye tairi unaenda kujaa chini ya madigadi. Kadri tairi linavyokuwa pana nafasi inavyokuwa ndogo, unafika mahali gurudumu haligeuki kabisa, unakaa chini unachokonoa na kijiti. Nyinyi wekeni 3.00 ya kashata kubwa, na mbele inueni madigadi.

Kuna aliyeuliza kuhusu 4.10-18 kwamba ameiona kwenye XL na DT mbona zinapiga kazi vizuri. Ni kweli, Honda XL125S na Yamaha DT125 zinakuja na 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma, ila zimetengenezwa hivyo toka mwanzo, swingamu yake imechorwa kwa hilo tairi na madigadi yako juu kabisa. Ukihamisha tairi peke yake kwenda kwenye CG umehamisha tatizo.

Mwingine anauliza akivaa rimu ya 17 nyuma atapata nafasi? Swali zuri sana hili. 100/90-17 inafika milimita 612, yaani unapata upana wa 100 na kimo kinabaki karibu na kile cha zamani, madigadi na lile bomba la swingamu havigusi na gia hazibadiliki. Kwa kimo umetatua. Kwa cheni hujatatua kitu, upana ni ule ule, kipimo cha bolti kinabaki pale pale. Na pikipiki ikishuka kidogo nyuma stendi ya pembeni itakuwa inaisimamisha wima zaidi, angalia isije ikadondoka upande wa pili.

Kuhusu tyubu naomba msifanye ubahili. Tyubu ya 2.75/3.00-18 ukiiweka ndani ya 100/90 inavutika mpaka inakuwa nyembamba kama puto, na kila pancha haitoboki tu, inachanika, upepo unaisha kwa sekunde. Kubwa kuliko tairi nayo inajikunja ndani na pale kwenye kunjo inajisaga. Soma saizi iliyoandikwa kwenye tyubu yenyewe.

Mbele je? Mdau anataka 3.00-18 mbele badala ya 2.75. Hiyo inakubalika kwenye nyingi kama rimu sio nyembamba sana, usukani utakuwa mzito kidogo na spidi mita itasoma chini kidogo ya mwendo wako halisi, jilinde na tochi za trafiki. Ila usiende zaidi ya hapo, pima kati ya tairi na miguu ya shokapu za mbele na juu kwenye madigadi, tope likijaa mbele ni hatari kuliko nyuma kwa sababu gurudumu la mbele likifunga unaruka juu ya usukani.

Na aliyesema amesogeza ekseli nyuma mpaka mwisho ili tairi lisiguse swingamu na cheni ikawa fupi, ni kweli unaweza kuongeza pingili ila usiunge pingili mpya kwenye cheni iliyokwisha, zile za zamani zimeshavutika na mpya haitakaa kwenye meno sawa. Nunua cheni ya 428 ndefu kidogo ukate mwenyewe. Ukimaliza usiamini zile alama za kwenye swingamu, kwenye pikipiki za zamani mara nyingi zinadanganya. Chukua kamba au fimbo iliyonyooka pima toka katikati ya bolti ya swingamu mpaka katikati ya ekseli, kushoto na kulia zilingane, afu chungulia kwa nyuma uone cheni imekaa katikati ya meno. Kaza nati ya ekseli, rekebisha na fimbo ya breki maana gurudumu likirudi nyuma breki nayo inabana, ngoma inaweza kushika joto hujaondoka hata mtaani. Rudi kupima tena baada ya siku chache za kazi, cheni mpya inalegea haraka mwanzoni.

Mwenye pikipiki anayetaka nimsaidie kuchagua aweke picha ya nyuma inayoonyesha tairi na cheni kwa pamoja, pikipiki ikiwa na tairi lake la sasa, na aandike namba ya rimu aliyoisoma kwenye rimu yenyewe, sio aliyoambiwa. Bila hiyo namba siwezi kukuambia ununue saizi gani.